Maji ya Mchele Si Dawa ya Weupe



Muhula huu pamekuwa na ubishi mwingi mabwenini juu ya maji ya kuoshea mchele, na kwa kuwa ubishi wenyewe umefika hata katika chama chetu cha mjadala, naomba nafasi katika gazeti letu nipate kutoa maoni yangu. Wako wanaotaka maji hayo yapigwe marufuku, kwa kuwa yanaleta harufu mabwenini na kuwachelewesha watu kwenye mstari wa asubuhi. Wako na wengine wanaoyasifu kana kwamba yametoka peponi. Mimi simo katika hawa wala katika wale. Nasema kwamba maji ya mchele ni kitu chema cha kunawia uso, na apendaye ayatumie. Lakini liko neno moja linalotembea pamoja nayo, yaani kwamba humfanya mtu kuwa mweupe, na neno hilo ni la uongo. Kama kuna kitu cha kupigwa marufuku, basi ni neno hilo.

Kwa ajili ya wasomaji walio nje ya shule, yaani wazazi na wale waliokwisha kumaliza masomo yao hapa, yafaa nieleze mambo yalivyo. Wali hupikwa hapa siku ya Jumapili, na siku hiyo mpishi wetu huanza kuosha mchele kabla ya jua kuchomoza. Zamani maji yale yalimwagwa kwenye migomba iliyo nyuma ya jiko, na migomba ikanawiri. Siku hizi migomba haipati hata tone. Wasichana hupanga foleni na chupa, vikombe na makopo, na maji ya pili (maana ya kwanza yana vumbi la gunia na wadudu) hugombewa kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Mwenye chupa kubwa huiweka chini ya kitanda, akayatumia Jumatatu, Jumanne na Jumatano, hata ikifika Alhamisi bweni zima lajua. Wavulana hucheka sana mchana. Lakini Bwana Mpishi ameniambia kwamba jioni huja wavulana wawili watatu kwa mlango wa nyuma kuomba kidogo, ati ni kwa ajili ya vipele vya kunyolea ndevu.

Watu wengi hudhani kwamba jambo hili limezuliwa juzi katika simu za mkononi. Sivyo. Ni kweli kwamba wengi wetu tuliliona kwanza katika simu za dada zetu wakati wa likizo, lakini lenyewe ni la kale sana. Huko Japani, katika zama za Heian, tangu mwaka 794 hata mwaka 1185, mabibi wa nyumba ya mfalme walikuwa na nywele ndefu mno, na husimuliwa kwamba walizichana kwa maji ya mchele. Baadaye Wajapani walishona vifuko vidogo vya kitambaa, wakavijaza pumba laini za mchele, wakajisugua navyo wakati wa kuoga. Kusini mwa Uchina, katika jimbo la Guangxi, kiko kijiji kiitwacho Huangluo, cha watu wa kabila la Yao, ambacho wanawake wake wanajulikana duniani kwa urefu wa nywele zao. Nao huziosha kwa maji ya mchele yaliyochachushwa. Lakini tuangalie vizuri: wao hawayachukui tu yalivyo kutoka uvunguni. Huyachemsha kwanza pamoja na maganda ya balungi na vitu vingine vya shambani. Wakorea nao hunawia uso maji ya pili au ya tatu ya kuosha mchele, na mengine huyatia katika mchuzi, jambo ambalo kwa maoni yangu lina busara zaidi.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tumeujua wali kwa karne nyingi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipewa wali uliopikwa kwa samli, naye akauandika katika habari za safari yake. Hata hivyo bibi zetu wa pwani hawakuutafuta uzuri wa ngozi katika mchele. Walisaga liwa juu ya jiwe kwa maji kidogo, wakapaka dalia na manjano, na bibi arusi alisingwa mwili siku kadha wa kadha huku somo wake akimfundisha mambo ya nyumba. Mchele ulikuwa wa kula. Na hata katika kula, wali wetu si kama ule wa nchi ambako mchele huchemshwa katika maji mengi kisha maji yakamwagwa. Sisi hupima maji, yakanywewa yote, kisha sufuria ikapaliwa makaa juu. Kwa hiyo kwetu hapabaki maji ya wali uliochemka; yanayobaki ni yale ya kuoshea tu. Mchele mmoja, mapishi mengi. Na katika mapishi yetu, wanaotaka maji ya mchele hupata yale yaliyo mepesi zaidi.

Hebu sasa tutazame ndani ya maji hayo mna nini. Mna wanga, nao ndio unaoyafanya yaonekane kama maziwa yaliyotiwa maji. Mna chembe za pumba, mna vitamini kidogo za jamii ya B, na mna chumvichumvi kidogo za madini. Habari za vitamini hizo zina hadithi ambayo napenda sana kuisimulia, maana ndani yake yumo mpishi. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari mmoja Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa katika kisiwa cha Java akitafuta sababu ya ugonjwa wa beriberi, ugonjwa unaolegeza miguu na kudhoofisha moyo. Kuku wake katika maabara wakaanza kuyumbayumba kama wagonjwa wenyewe. Kisha wakapona ghafula. Ilipochunguzwa ikaonekana kwamba kwa muda walikuwa wamelishwa wali mweupe uliobaki katika jiko la hospitali ya jeshi, mpaka alipokuja mpishi mpya aliyekataa kuwapa kuku wa kiraia chakula cha askari. Basi wakarudishiwa mchele usiokobolewa, na maradhi yakaondoka. Hivyo watu wakaanza kujua kwamba katika ganda jembamba la mchele, lile tunaloliondoa mashineni, mna kitu ambacho mwili hauwezi kuishi bila ya kuwa nacho. Eijkman alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1929. Yule mpishi hakupewa kitu.

Wapenzi wa maji ya mchele wakiisikia habari hii hushangilia: "Kumbe! Mna vitamini, nasi twajipaka!" Hapo ndipo napenda tusimame kidogo. Kuku wa Eijkman walikula; hawakupakwa. Ngozi si tumbo. Kazi ya ngozi ni kuzuia vitu visiingie mwilini, nayo huifanya vizuri sana, la sivyo kila tukiloa mvua tungevimba kama maharage. Vitamini chache zilizoyeyuka katika kikombe cha maji, zikikaa usoni kwa dakika tano, haziwezi kumlisha mtu. Anayetaka vitamini za mchele na ale mchele ambao haukukobolewa sana, na auoshe kwa kiasi, kwa maana kila maji tunayomwaga huondoka na sehemu yake.

Je, basi hayana faida yoyote? Yanayo, na faida hiyo iko katika wanga. Mwaka 2002 wataalamu wa Brussels, nchini Ubelgiji, walichapisha habari za uchunguzi wao juu ya watu ambao ngozi zao zilikuwa zimeharibiwa kidogo kwa makusudi kwa kitu kama sabuni kali, na wengine wenye ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha. Ngozi iliyolowekwa katika maji yenye wanga wa mchele, dakika 15 mara mbili kwa siku, ilijirudia upesi zaidi. Uwezo wake wa kupona uliongezeka kama asilimia 20. Hilo si jambo dogo kwa mtu aogaye kwa sabuni ya kufulia, nasi twajua kwamba katika shule hii wako wengi wa namna hiyo, hasa mwisho wa muhula fedha zinapokwisha. Lakini ni faida ya kutuliza ngozi iliyokauka na kuwasha. Hakuna aliyepimwa rangi pale Brussels.

Ule mvutano ambao mtu huusikia usoni maji yakikauka, ambao wasichana huniambia kuwa ni "ngozi kurudi utotoni", si kitu kingine ila wanga. Waulizeni wazazi wenu waliovaa mashati yaliyotiwa wanga na kupigwa pasi ya mkaa. Ukosi ulisimama wima asubuhi, na jioni ulikuwa umekwisha kulala. Uso nao ni vivyo hivyo; ukinawa, wanga umeondoka.

Sasa nije katika lile neno la weupe. Rangi ya mtu hutokana na kitu kiitwacho melanini, kinachotengenezwa na seli zilizo chini kabisa katika tabaka la nje la ngozi. Ajabu ni kwamba Mwafrika na Mzungu wana seli hizo kwa idadi inayokaribiana. Tofauti iko katika kazi zinayoifanya, nasi tumerithi kazi hiyo kutoka kwa wazazi wetu. Maji ya mchele hayafiki huko, na hata kama yangefika, hayana amri ya kuzisimamisha. Weupe unaoonekana mtu akijipaka na kuyaacha yakauke ni kama ule wa mikono ya mpishi anayekanda unga wa chapati. Ni unga tu juu ya ngozi nyeusi.

Wenye kusoma sana hujibu hapa kwa neno moja: asidi ya kojiki. Husema kwamba asidi hiyo hupunguza rangi ya ngozi nayo hutoka katika mchele, kwa hiyo maji ya mchele hupunguza rangi. Nusu ya kwanza ni kweli. Mwaka 1907 mtaalamu mmoja wa Japani aliigundua asidi hiyo, na kweli huzuia kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza melanini. Lakini haikutoka katika mchele. Ilitoka katika kuvu maalumu ambao Wajapani huuotesha juu ya mchele uliopikwa kwa mvuke, wapate kutengeneza pombe yao ya sake na viungo vyao vya chakula. Kuvu huo hulelewa kwa uangalifu, kwa joto lililopimwa. Chupa ya uvunguni hailei kuvu huo. Hulea chochote kilichoanguka ndani yake. Kusema kwamba mwenye kunawa maji ya mchele anapata asidi ya kojiki ni sawasawa na kusema kwamba mwenye kutafuna muwa amelewa.

Na lugha yetu yenyewe yatufundisha. Mswahili akitaka kumsifu mtu asiyekolea weusi sana husema ni mtu wa "maji ya kunde". Sijui aliyeanza kusema hivyo, lakini alikuwa na macho mazuri, kwa kuwa maji yaliyochemshiwa kunde yana rangi ya joto, nyekundu iliyochanganyika na weusi, na ni rangi ya watu halisi. Hakuna mtu wa maji ya mchele. Mtu akiwa na rangi ya maji ya mchele tungempeleka zahanati.

Pengine msomaji atauliza kwa nini naandika kwa ukali juu ya uongo mdogo ulio ndani ya kikombe cha maji. Nitamjibu. Msichana wa kidato cha pili aliyeahidiwa kwamba atakuwa mweupe kwa wiki mbili, hutazama kioo kila siku kwa wiki mbili. Wiki ya tatu bado ni yule yule. Hasemi kwamba aliyemwahidi alidanganya. Husema kwamba dawa ni hafifu. Na hapo hatakosa mtu wa kumwambia kwamba kiko kitu chenye nguvu zaidi, kinauzwa katika kikopo kidogo kisicho na jina, na akitoa fedha yake ya matumizi atakipata kabla ya Jumamosi. Hivyo ndivyo mtu anavyotoka katika maji ya mchele na kuingia katika mkorogo. Maji hayakumdhuru, neno ndilo lililomfungulia mlango.

Mkorogo, kama jina lake linavyosema, ni mafuta ya namna mbalimbali yaliyokorogwa pamoja na mtu asiyejua vipimo. Ndani yake mara nyingi huwamo haidrokwinoni, au steroidi kali ambazo daktari huwapa wagonjwa wa ngozi kwa kiasi na kwa siku chache, au zebaki. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Mishipa huonekana, michirizi hutokea, na kidonda huchelewa kupona. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kugeuka na kuleta yale yale yaliyokimbiwa: mnamo mwaka 1975 madaktari wa Afrika ya Kusini walieleza habari za wanawake waliojipaka mafuta hayo ili wawe weupe, wakaishia kuwa na mabaka ya samawati na weusi mashavuni ambayo hayaondoki. Nayo zebaki hupenya ngozini ikaenda kukaa katika figo, na huharibu pia neva.

Ubaya wa zebaki haukujulikana jana. Mwaka 1956 huko Minamata, Japani, iligunduliwa kwamba watu waliokula samaki wa ghuba walikuwa wakiugua na kufa, na baadaye ikathibitika kwamba sababu ni zebaki iliyomwagwa na kiwanda. Mkataba wa mataifa wa kuzuia zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, umepewa jina la mji huo; na mwaka 2023 mataifa hayo yalikubaliana huko Geneva kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe ifikapo mwaka 2025. Katika nchi yetu kazi ya kusimamia vipodozi ilikabidhiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Lakini kikopo kisicho na jina hakiendi TBS. Hupita kwenye mkoba.

Namjua binti mmoja wa mtaani kwetu, ambaye jina lake halina haja hapa. Uso wake ulibadilika rangi, lakini vifundo vya vidole na masikio yalikataa. Akawa na rangi mbili. Baadaye jua likawa linamchoma hata hakuweza kwenda shambani pamoja na mama yake mchana, naye ni mtoto wa mkulima. Mama yake alinunua mwavuli.

Jambo hili la jua latufikisha mahali ambapo, kwa maoni yangu, twapaswa kuona haya kidogo. Melanini ndiyo mwavuli tuliopewa bure. Wako ndugu zetu wenye ualbino, ambao miili yao haitengenezi melanini ya kutosha, nao hupata saratani ya ngozi wakiwa bado vijana kwa sababu ya jua hili hili tunalolichezea mpira. Huko Moshi, katika chuo cha magonjwa ya ngozi kilicho pamoja na hospitali ya KCMC, pamekuwa pakitengenezwa mafuta maalumu ya kuwakinga. Watu wa sayansi wamefanya kazi kubwa kumtafutia mwenye ualbino sehemu ndogo ya kile tulicho nacho. Na sisi twatoa fedha ili tukiondoe. Tena wasidanganyike wale wasemao kwamba maji ya mchele yatawakinga na jua. Hayakingi.

Sasa nina neno kwa wavulana, nao wasiruke ukurasa. Wanapokaa chini ya mwembe mwisho wa wiki na kuwapa wasichana alama, msichana anayesifiwa husifiwaje? "Yule mweupe." Na anayedharauliwa? Mnajua wenyewe. Husema haya kisha wakaingia katika mjadala na kulalamika kwamba wasichana wanajipaka vitu. Na si wavulana peke yao. Shangazi akimtazama mtoto mchanga hutazama masikio kwanza, apate kujua kama weusi utakuja. Mkorogo haukuanzia dukani.

Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu wanaotaka maji ya mchele yapigwe marufuku. Wao hutoa mfano wa Rwanda, ambako mwishoni mwa mwaka 2018 serikali ilianza kuyakusanya mafuta ya kubadili rangi kutoka madukani. Mfano huo ni mzuri, lakini ni wa sumu. Tukiviweka maji ya mchele na mkorogo katika sheria moja, tutawafundisha wadogo zetu kwamba vitu hivyo viwili ni ndugu, na ndivyo muuzaji wa kikopo anavyotaka waamini. Siku kiranja atakapoitupa chupa ya maji ya mchele na kusema ni hatari, na msichana akajua kwa uso wake mwenyewe kwamba haikumdhuru, hatamsadiki kiranja huyo atakaposema kwamba zebaki ni hatari. Tena mtu kuutunza uso wake si dhambi. Wako wanaosema ni upuuzi na majivuno. Lakini hao hao hupiga viatu rangi mpaka wajione ndani yake.

Ila usafi ni lazima. Maji ya wanga katika joto la nchi yetu ni chakula kitamu cha vijidudu. Yuko bakteria mmoja, Bacillus cereus, akaaye sana katika mchele. Mbegu zake hazifi hata kwa kupikwa, na ndiye anayewaumiza matumbo wale walao wali uliolala mahali pa joto. Sipendi kumwona akifanya maskani katika kipele kilichotumbuliwa kwa kucha. Harufu ya Alhamisi ambayo tumeizoea si harufu ya uzuri; ni habari kwamba wenyeji wameongezeka.

Basi anayetaka kutumia atumie hivi. Kikombe kimoja cha mchele kioshwe mara moja, maji ya kwanza yamwagwe. Kisha yatiwe maji safi ya kunywa, kama vikombe viwili, mchele ulowekwe nusu saa, ukorogwe kwa mkono uliooshwa, na maji yachujwe kwa kitambaa safi. Mchele wenyewe upikwe, usitupwe. Mtu atakayetupa mchele kwa ajili ya uso wake sitamtetea mbele ya Matroni. Kabla ya kuyapeleka usoni, ajaribu kwanza upande wa ndani wa mkono, angoje mpaka kesho aone kama pamewasha. Anawe, akae dakika chache, kisha asuuze kwa maji ya kawaida na kupaka mafuta yake aliyoyazoea. Yaliyobaki yamwagwe siku ile ile. Mwenye kidonda, mwenye vipele vyenye usaha, au mwenye ngozi inayovimba, aache kabisa na aende zahanati, kwa sababu chunusi za umri wetu hutokana na mafuta ya ngozi na mabadiliko ya mwili, wala hazitaondoka kwa wanga.

Kwa Serikali ya Wanafunzi naomba mambo machache. Bwana Mpishi apewe ndoo moja safi yenye mfuniko, maji ya pili yawekwe humo Jumapili asubuhi, kila mtu apate kikombe kimoja na si chupa, na kiranja wa afya aimwage ndoo kabla ya chakula cha mchana. Wavulana wapewe zamu yao waziwazi ili wasije tena kwa mlango wa nyuma. Na Matroni, badala ya kukagua chupa zilizo uvunguni, akague vikopo vilivyo ndani ya masanduku. Mwenye kikopo kisicho na jina aitwe kwa upole na kupelekwa kwa mganga wa shule, asitangazwe mstarini, kwa kuwa aliyekwisha kutumia steroidi muda mrefu hawezi kuziacha kwa siku moja bila ya msaada wa daktari.

Chama cha mjadala kitakutana tena muhula ujao, na hoja iliyoandikwa ubaoni ni kwamba maji ya mchele yapigwe marufuku katika mabweni. Naomba katibu aifute, na mahali pake aandike: "Neno mweupe si sifa." Mimi nitasema upande wa kuunga mkono. Anayetaka kupinga na ajiandikishe kwa katibu kabla ya kufunga shule.

Mwanafunzi,
Kidato cha Tano.